Bangili ya Karati Ishirini na Moja

Shangazi Ghaniya hasemi saratani.
Husema "ule",
kisha huvuta shela hadi kidevuni
kama kwamba jina lenyewe lina baridi.

Maabara yetu iko nje kidogo ya Nizwa.
Kiyoyozi kinanguruma tangu alfajiri,
nami jina hilo nalitaja kutwa,
naliandika kwa wino usiofutika
juu ya vichupa vya urefu wa kidole gumba.
Jioni nanawa mikono mara mbili.

Wahenga walihesabu haba na haba mpaka kibaba.
Kazi yangu inarudi nyuma:
kibaba nakirudisha haba,
haba naivunja, na kivunjiko nakivunja tena,
hadi unywele mmoja wa kichwa changu
usimame mbele yake mnene kama mnara wa ngome.
Hapo dhahabu huacha kuwa njano.
Huwa nyekundu,
nyekundu ya komamanga la Jabal Akhdar
likikamuliwa juu ya kikombe cheupe.
Hakuna rangi iliyotiwa. Ni udogo tu.

Alikuja Jumatatu, nywele hazijarudi bado.
Akavua bangili moja kati ya sita za arusi yake,
ile iliyobanwa na mlango wa gari Samail ikapinda,
akaiweka juu ya daftari langu la vipimo.
"Si mnapika dhahabu? Pika na hii.
Wale niliokaa nao kwenye viti vya dripu,
wengine wasichana wadogo."
Nikamwambia, shangazi, sisi hununua chumvi ya dhahabu,
safi, gramu moja kichupani, ina cheti.
"Na yangu haina cheti?
Nilivishwa mbele ya watu."

Nilikata kipande kama ukucha wa mtoto.
Tindikali mbili zikakitafuna,
moshi wa rangi ya kutu ukapanda kabatini.
Nikachemsha, nikatia sitrati, nikangoja wekundu.
Haukuja.
Mlikuwa na shaba ya sonara wa Matrah mle ndani,
na fedha kidogo ambayo hakumwambia mtu.
Chembe zikashikana, zikalemeana,
maji yakawa buluu chafu,
kama ya ndoo iliyooshewa kalamu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Vyangu vilizama.

Nilimpigia simu: "Imekuwa buluu."
"Buluu nzuri," akasema. "Inakinga jicho."

Dawa ya hospitali ilimshukia
kama wadi siku ya mvua ya mlimani:
ikausomba ule, ikasomba na nyusi,
kucha, ladha ya kahawa.
Na babu yake alikuwa mgawa maji wa falaji
kule Birkat al-Mauz:
kijiti, kivuli cha kijiti,
nusu saa bustani ya wajane,
kisha tambara na tope kuziba,
kisha zamu ya mwingine.
Ndicho ninachokiota.
Dawa iliyopandishwa juu ya chembe,
inapita mlango baada ya mlango bila kubisha,
inafunguka kwenye mtende mmoja tu, ulio mgonjwa.
Mpaka sasa imefunguka ndani ya panya.
Si panya wote.

Usiku huu nina sahani ya vishimo tisini na sita,
kila kimoja na tone lililotoka katika damu ya mtu.
Katika kipimo hiki wekundu ni amani,
kila chembe inaelea peke yake.
Zikikikuta zilichotumwa kukitafuta
hukusanyika, na rangi hugeuka.

Tisini na tano, komamanga.

Kimoja, safu ya nne, nakisogeza kwenye taa.
Sina jina lake. Nina namba.
Buluu.

Mapema, nasema peke yangu, iwe ni mapema.

Dirishani kipo kichupa cha shangazi,
masimbi yake yametulia chini.
Nami, mwenye shahada tatu ukutani,
nakitikisa kidogo
kabla ya kuandika.